Sumaku Kwenye Kona za Sinki

Niliitwa mwizi siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, mbele ya watu wapatao ishirini, na aliyeniita hivyo hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya kipande cha sumaku chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Naandika haya nikiwa nimeshavuka miaka hamsini, umri ambao watu wenye busara huwa wamekwisha kusamehe. Mimi sijafika huko. Ni mtu wa kinyongo, na kinyongo changu nakitunza vizuri kuliko ninavyotunza meno yangu.

Ilikuwa katika karakana moja ya Sanaiya, eneo la viwanda la Doha, tunapotengeneza meza, kabati na masinki ya stenlesi kwa ajili ya majiko ya hoteli. Mimi ni mtunza stoo. Kwetu Tanzania nilisomea fizikia chuo kikuu, nikafundisha sekondari miaka kumi na minne, nikaandika makala magazetini kuhusu mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, kisha nikaja huku kulinda mlango wa jengo la vioo. Kutoka mlangoni nikapanda hadi stoo. Nasema nikapanda kwa sababu stoo ina kiti.

Aliyeniita mwizi alikuwa Mkenya wa miaka kama arobaini, mkaguzi wa upande wa mteja, watu waliokuwa wakijenga hoteli Lusail. Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa karakana. Sumaku yake aliifunga kwenye utepe ule ule ulioning'iniza kitambulisho chake, na alitembea nayo kifuani kama daktari na kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo. Tangu aliposikia nimesoma aliniita Profesa wa Stoo. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nilimwandika kwenye orodha yangu ya kinyongo.

Jumapili hiyo tulikuwa tumepanga masinki arobaini tayari kwa kusafirishwa. Kila bakuli la sinki lilikuwa limefinyangwa kwa presi, mashine ya kukandamiza, kutoka kwenye shiti moja bapa ya chuma, bila kiungo. Aliyeyafinyanga ni rafiki yangu, fundi wa presi, Mpemba wa Wete, mtu mpole ambaye nilikaa naye chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi miaka mitano. Mkaguzi alipita akiangalia polishi, akainama juu ya bakuli la kwanza, na sumaku ikaning'inia kutoka kifuani ikaenda kunasa kwenye kona. Tik. Akaibandua, akaijaribu kona nyingine. Tik. Bakuli la pili, kona nne, tik mara nne.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni sinki," nikasema.

"Najua ni sinki, mzee. Nauliza mbona inashika sumaku. Stenlesi poa haishiki sumaku, hata mtoto wa nasari anajua hiyo. Hii ni bati imepigwa polishi. Mnanibeba ufala?"

Fundi akasogea akipangusa mikono. "Shiti ndo zile zile, yakhe. Mie nimezipiga kwa mkono wangu."

"Sawa. Basi kuna mtu alizibadilisha kabla zikufikie." Akageuka polepole, kwa raha kabisa. "Na stoo ni ya nani hapa?"

Watu wote wakanitazama.

"Ati Profesa," akasema. "Kumbe hiyo masomo yote ni ya kuiba shiti."

Kuna mtu alicheka nyuma. Mpaka leo sijui ni nani, na imenisumbua, kwa sababu naye alistahili nafasi kwenye orodha.

Jibu nililijua kabla kicheko hakijaisha, na ubaya wote uliofuata ulitokana na hilo. Stenlesi ya aina tunayotumia ni chuma kilichochanganywa na kromi na nikeli, na nikeli ndiyo inayozifanya atomu zijipange kwa namna isiyoitika sumaku. Shiti ikiwa bapa, kama ilivyotoka kiwandani, sumaku huteleza juu yake na kuanguka. Lakini ukiilazimisha iwe bakuli, pale kwenye kona chuma huvutwa na kupindwa kiasi kwamba hakiwezi tena kurudi kilivyokuwa. Safu za atomu huteleza na kukatika, na baadhi ya atomu hujipanga upya kwa mpangilio mwingine ambao sumaku inautambua. Chuma ni kile kile. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoibiwa. Kimeteswa tu. Kama yule bwana angeigusisha sumaku yake kwenye uso bapa wa juu wa sinki lile lile, shubiri moja kutoka kwenye kona, isingeshika. Hakuigusisha. Alishapata alichokitaka.



Ningesema pale pale, lingekuwa neno la mtunza stoo anayejitetea. Angenikatiza, wangecheka tena. Lakini Jumatano alikuwa anakuja mhandisi mshauri wa mradi mzima, mama mmoja wa Kijordani ambaye hata mameneja walikaa wima mbele yake, pamoja na wakubwa wa mkaguzi. Nikajiambia: huyu asianguke leo, mbele ya watu wa kawaida tu. Aanguke Jumatano, wakubwa wake wakimtazama, na sumaku ikiwa mkononi mwake mwenyewe.

Meneja wetu hakupenda kelele. Aliamua mambo mawili mpaka suala liishe. La kwanza, mimi nipekuliwe kila nitokapo. Mlinzi wa getini, Mganda mwenye adabu nyingi, alikuwa akifungua chombo changu cha chakula na kuchungulia ugali kana kwamba ningeweza kukunja shiti ya stenlesi ya mita mbili na nusu nikaifunika kwa mchicha. "Nisamehe sana, ssebo," alikuwa akisema kila siku. Nilimsamehe. Hasira zangu hazikuwa za bei ya chini.

La pili, fundi aondolewe kwenye presi, na likizo yake isimame. Mtu anayeshukiwa kushirikiana na mwizi haachiwi apande ndege.

Hapo ndipo ilipobidi nipige mahesabu. Fundi alikuwa asafiri Alhamisi. Ijumaa baada ya swala ya alasiri binti yake mkubwa alikuwa anaolewa Wete, na yeye, kwa kuwa ni baba, ndiye walii, ndiye wa kumwozesha kwa kauli yake. Alikuwa ameishi na maneno hayo miezi mitatu. Alinunua kanzu, akairudisha, akanunua nyingine. Alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno ya kuozesha bafuni, akidhani maji yanamfunika.

Jumatano inatangulia Alhamisi. Nikaona mahesabu yanakubali. Nitamwangusha mkaguzi Jumatano asubuhi, Jumatano mchana karatasi ya likizo itasainiwa, Alhamisi fundi atapanda ndege. Kila mtu atapata chake. Sikumwambia kitu. Nilihofia akijua, uso wake utajua pia, na mkaguzi akiona uso umetulia angetafuta njia ya kujiokoa.

Jumatatu na Jumanne nilifanya mazoezi. Nilichukua vipande vya mabaki ya shiti ile ile, virefu kama kiganja, nikaenda uani wakati wa chakula, penye jiriwa la zamani. Nilibana kipande, nikakipinda huku na huku kwa nyundo mara kumi, nikaleta sumaku niliyoichukua stoo. Ikaanguka. Nikapinda kingine mara kumi na tano. Ilishika kwa unyonge, kama mtu anayekupa mkono huku akiangalia pembeni, kisha nayo ikaanguka.

Niliingiwa na hofu ya kweli. Nilijiona Jumatano, mbele ya yule mama, nikigonga chuma kama mwehu na sumaku ikianguka sakafuni. Nikakaa kwenye kreti nikajiuliza kama miaka minne ya chuo kikuu nilikuwa nimeiota.

Kisha nikakishika kile kipande na kikaniunguza. Ilikuwa mwezi wa tano, ua wa Sanaiya saa sita mchana, na vipande vyangu vilikuwa vimelala juani tangu asubuhi. Nikakumbuka. Joto linazisaidia atomu kubaki katika mpangilio wao wa mwanzo hata zikivutwa, baridi ndiyo inayoziacha zigeuke. Presi ya fundi iko ndani, chini ya kipooza hewa, na yeye humwagilia mafuta baridi kila pigo. Basi nikachukua vipande sita, nikavitumbukiza ndani ya pipa la barafu tunalotia chupa za maji ya kunywa, nikafunika. Baada ya nusu saa nikatoa kimoja kikitiririka, nikabana, nikagonga upesi. Sumaku iliruka yenyewe kutoka vidoleni mwangu. Nilicheka peke yangu uani. Kama kuna mtu aliniona, alimwona mwizi aliyepotelewa na akili.

Nikiri jambo jingine. Furaha ile haikuwa kwa sababu ya mkaguzi peke yake. Mwaka wangu wa tatu chuoni nilichukua waya wa shaba uliolainishwa, nikapima ukinzani wake kwa umeme, nikausokota kwa drili ya mkono mpaka ukawa mkaidi kama waya wa uzio, nikaupima tena. Ukinzani ulikuwa umepanda. Kwa kiasi kidogo sana, lakini ulikuwa umepanda. Elektroni zilizokuwa zikipita kwa nafasi kati ya safu zilizonyooka sasa zilikuwa zinajikwaa kwenye safu zilizovurugwa. Nikaupasha moto ukalainika, ukinzani ukashuka tena. Nilidhani nimegundua kitu. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hitilafu ya kipimo," akanipa C. Yule mhadhiri ameshafariki, Mungu amrehemu, ila kwenye orodha yangu hajafutwa.

Kwa hiyo Jumatano nilikwenda kazini nimenyoa ndevu.

Saa tatu aliingia mkaguzi, peke yake. Ukaguzi umeahirishwa, akasema. Mhandisi mshauri ameitwa kwenye mradi mwingine, atakuja Jumapili. Alilisema hilo kwa meneja, kisha akapita mlangoni kwangu akaegemea fremu.

"Profesa, Mungu amekupenda. Umepewa siku nne zaidi za kurudisha zile shiti."

"Asante," nikasema.

"Ama ushaziuza? Ukiziuza sema tu, tukutafutie tiketi ya kurudi kwenu mapema. Kwenu kuna stoo, ama mnaweka vitu chini ya kitanda?"

Nilimtazama akicheka. Jino lake moja la pembeni lilikuwa na kidoa cha chai. Nakumbuka nilifikiri: nikimwambia sasa, atasema "Aah, kumbe," atacheka hivi hivi, na atakwenda kula chakula chake cha mchana akiwa mzima. Hilo sikuliweza.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia neno Jumapili. Alingoja mkaguzi aondoke, akaingia stoo, akakaa juu ya debe la rangi. Tangu Jumapili alikuwa hana kazi. Walimwambia akae tu, na mtu aliyezoea presi miaka kumi na moja hajui kukaa. Mikono yake ilikuwa inashika vitu na kuviacha.

"Mwalimu," akaniambia. "Wewe umesoma. Hamna neno la kumwambia mudiri? Neno moja tu. Mie nikapande ndege."

Nilikuwa nalo. Lilikuwa neno la dakika mbili. Ningempeleka kwa huyo mudiri, meneja wetu, ningegusisha sumaku juu ya shiti bapa, kisha kwenye kona, ningemwonyesha cheti kilichokuja na shiti kutoka kiwandani. Meneja hakuwa mjinga. Labda angesaini mchana ule ule.

"Subiri Jumapili," nikamwambia. "Mambo yatakuwa mazuri Jumapili."

"Jumapili mwanangu kashaolewa."

"Ndugu yako yupo. Anaweza kusimama kwa niaba yako."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Sikulala? Nililala vizuri sana. Wanaosema dhamiri humkosesha mtu usingizi hawajawahi kuwa na kisasi cha kusubiri. Kisasi ni godoro zuri.

Ijumaa tulitoka msikitini pamoja, tukala, na ilipofika wakati wa alasiri ya Wete yeye alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake kambini, amevaa ile kanzu ya pili. Aliniomba nikae naye. Alisema hataki kuyasema maneno yale peke yake kama mtu anayeongea na ukuta. Nikakaa kwenye kitanda changu, magoti yetu yakiwa karibu kugusana, maana chumba ni chembamba.

Simu ilikuwa na picha inayoganda. Tuliwaona watu waliokaa kwenye mkeka, mashavu yao nusu, kofia zao nusu, kisha picha ikapotea ikabaki sauti. Shehe akauliza kama baba yupo. Fundi akasema yupo. Shehe akamwambia amfanye ndugu yake wakili wake, kwa sauti inayosikika. Akayasema. Niliyasikia yale maneno niliyokuwa nikiyasikia bafuni, lakini sasa yalikuwa yamepunguzwa: hakusema "nimekuozesha," alimwambia mdogo wake amwozeshe kwa niaba yake. Alipofika kwenye jina la binti sauti ilimkwama, shehe akasema hakusikia vizuri, rudia. Akarudia. Kisha simu ikajaa vigelegele, na yeye akaishika mbali na sikio huku anatabasamu ukutani.

"Hongera," nikasema.

"Amina, mwalimu. Ahsante kwa kukaa na mie."

Nilijibu kitu, sikumbuki nini. Nakumbuka kwamba wakati shehe anasema rudia, nilikuwa nafikiria kama barafu ya Jumapili itatosha.

Ilitosha. Jumapili saa nne yule mama wa Kijordani aliingia na watu wanne nyuma yake, mkaguzi akiwa mbele kuliko anavyostahili. Alionyesha kona za masinki, sumaku ikasema tik, akaeleza kuhusu bati la kawaida na stoo isiyoaminika. Alieleza vizuri, kwa Kiingereza cha mtu aliyefanya mazoezi. Nilimwacha amalize. Nilimwacha hata aongeze.

Kisha nikaomba ruhusa. Nilikuwa nimeleta jiriwa ndani, pipa la barafu, tochi ya gesi ya mchomeleaji na ndoo ya maji. Nikatoa shiti bapa ambayo haijafunguliwa nailoni, nikamwomba mkaguzi mwenyewe aifungue sumaku yake kutoka kwenye utepe aijaribu. Ikaanguka. Nikakata ukanda kutoka shiti ile ile mbele yao, nikautia kwenye barafu, na tulipokuwa tunasubiri nikaanza kuwaeleza kuhusu waya wa shaba na ukinzani wa umeme, na jinsi elektroni zinavyojikwaa. Yule mama akatazama saa yake. Nikaacha elektroni zikajikwae kwingine.

"Tafadhali, ubane kwenye jiriwa wewe," nikamwambia mkaguzi. "Na upinde wewe. Mimi nisije nikasemwa nimebadilisha."

Akapinda. Ilibidi avue koti. Alipiga nyundo kama mtu anayeogopa kuiumiza, nikamwambia, "Kwa nguvu, bwana mkaguzi, hilo ni bati tu," na safari hii waliocheka nyuma walikuwa wa upande wangu. Jasho lilimtoka likafuata mstari wa pua. Nilipomwambia ajaribu sumaku alijua tayari, nilimwona anajua, na aliinyoosha polepole kama mtu anayeingiza mkono penye nyoka. Tik.

Lingeishia hapo ingetosha. Sikuishia hapo. Nikachukua tochi, nikaukoleza moto ule mpindo mpaka ukawa na rangi ya chungwa linalong'aa, nikautosa kwenye ndoo ukapiga kelele, nikampa tena. Sumaku ikaanguka, ikabingirika, ikasimama karibu na viatu vyake visafi. Alilazimika kuinama kuiokota mbele yangu. Nililipanga lile. Nilijua itaanguka upande ule kwa sababu nilimsimamisha upande ule.

Nitasema ukweli: ilikuwa dakika tamu kuliko nyingi nilizowahi kupata, zikiwemo baadhi ambazo mke wangu angependa nizitaje kwanza.

Yule mama hakushangaa hata kidogo. Aliushika ule ukanda, akaugeuza, akasema kwamba ndiyo, hilo ni jambo la kawaida kwa aina hii ya stenlesi, na kwamba kipimo cha sumaku kifanywe sehemu bapa na cheti cha kiwandani kisomwe. Akamwambia mkaguzi kwa sauti ya chini kwamba wataongea ofisini. Baada ya wiki mbili nilisikia amehamishiwa kukagua vitasa vya milango kwenye nyumba mpya kule Al Wukair, na nilinunua chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, kwa kila mtu karakana nzima bila kusema sababu.

Lakini pale pale, kabla hajaondoka, mama yule alinigeukia mimi.

"Wewe ulijua hili tangu lini?"

"Tangu mwanzo," nikasema. Nilikuwa bado nimelewa ushindi.

"Jumapili iliyopita?"

"Ndiyo. Saa ile ile."

"Na mzigo umekaa hapa wiki nzima. Kwa nini hukusema?"

Nikasema, na nilitabasamu nikilisema, "Nilitaka aone mwenyewe."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa hesabu sahihi yenye mwandiko mbaya, akaenda zake. Nilipogeuka kutafuta wa kufurahi naye nikamwona fundi. Alikuwa amesimama kando ya presi yake, meneja ameshampungia airudie, mkono mmoja ukiwa juu ya mtambo. Kiingereza chake ni cha karakana, cha pandisha, shusha, kesho. Lakini Jumapili iliyopita ni maneno mepesi, na saa ile ile nayo si maneno magumu.

Siku ya pili jioni nilimkuta anafunga begi. Karatasi yake ilikuwa imesainiwa. Alikuwa anakwenda kuwasalimu maharusi, siyo kuozesha. Aliikunja ile kanzu, akaifunua, akaikunja tena.

"Jumatano," akasema bila kunitazama. "Niliposema neno moja tu. Ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Na Ijumaa? Ulipokaa hapo kitandani?"

"Nilikuwa nalo."

"Haya."

"Nilitaka kumkomesha yule mtu. Alituita wezi sote wawili."

"Kakuita wewe," akasema. "Mie kanambia shiti zilibadilishwa kabla hazijanifikia. Mie hajanambia mwizi." Akafunga zipu. "Mie sina neno na wewe, bwana. Wala sikulaani. Ila usinisindikize."

Bwana. Miaka mitano nilikuwa mwalimu.

Najua wapo wasomaji wanaosubiri niseme kwamba moyo wa mtu ni kama ule ukanda, ukiupasha moto wa kutosha unarudi ulivyokuwa. Nimefundisha watoto miaka kumi na minne na sijawahi kuwadanganya kuhusu chuma; sitaanza na watu wazima. Nilijaribu moto wote nilioujua. Nilimwomba radhi kwa simu, kwa barua, na kupitia kwa watu wa Pemba wanaofanya kazi kwenye hoteli ya jirani. Wao walirudi wakaniambia wameelezwa kwamba hakuna ugomvi.

Aliporudi baada ya mwezi aliomba chumba kingine, akapewa, mlango wa tatu kutoka kwangu. Alileta halua ya Wete, akagawa kambi nzima, na akaniletea fungu langu, sawa na la kila mtu, si kubwa wala dogo. Alilishika kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Nililila. Lilikuwa zuri.

Kama ungenirudisha kwenye ile Jumatano, jino lenye kidoa cha chai liko mbele yangu linacheka, na fundi amekaa juu ya debe la rangi, ningependa kukuahidi kwamba ningesema. Siwezi kuahidi. Yule mtu akinijia akilini mpaka leo ngumi hujikunja yenyewe, na nikimkumbuka akiinama kuiokota sumaku, hufunguka.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tunakutana kwenye mlango wa karakana, yeye anakwenda kwenye presi na mimi stoo. Namwambia, "Asalaam aleikum." Naye huitikia, kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu na yeye ni mtu wa kutimiza wajibu: "Waaleikum salaam." Zamani zilifuata habari za kulala, za nyumbani, za binti, za mvua ya Wete, mpaka kengele ya kazi ilie. Sasa haongezi neno. Mimi nasimama pale kidogo, endapo litakuja, kisha nafungua stoo.